Karakana ya mbao nyumbani: Kabla ya kununua mashine, pangeni vumbi na kelele

Tangu Serikali ilipotangaza kuhamia Dodoma mwaka 2016, na mji huo kupandishwa hadhi kuwa jiji Aprili 26, 2018, ujenzi haujapoa. Nzuguni, Ilazo, Mkonze, Iyumbu hadi Nala, kila kona kuna nyumba inayopanda. Na kila nyumba inataka kenchi za paa, fremu, milango, vitanda na makabati ya jikoni.

Soko hilo limezifanya familia nyingi kuwaza kitu kimoja: kufungua karakana ya useremala uani. Mwingine ni fundi aliyechoka kufanyia kazi watu, mwingine ni mstaafu mwenye kiinua mgongo mkononi, mwingine ni mzazi ambaye kijana wake amemaliza mafunzo VETA na hana pa kuanzia.

Ukitazama hesabu, wazo ni zuri. Nyumbani hakuna kodi ya fremu, hakuna nauli, mali inalindwa na wenyewe, na baba au mama anakula mchana na watoto wake.

Kuna gharama moja, hata hivyo, ambayo haionekani kwenye daftari la mtaji. Ni afya ya watu wanaolala hatua kumi kutoka kwenye msumeno. Gharama hiyo inaweza kupunguzwa sana, ikiwa itapangwa kabla mashine haijashushwa kwenye Kirikuu.

Vumbi baya ni lile lisiloonekana

Watu wengi huogopa maranda kwa sababu yanaonekana. Kumbe maranda huanguka chini na kufagiwa. Tatizo ni unga laini unaotoka kwenye msasa na msumeno wa mashine. Huo huelea hewani kwa saa kadhaa, huingia puani, na chembe zake ndogo zaidi hufika ndani ya mapafu.

Anayetaka kuuona, akazime taa karakanani baada ya kazi na kuwasha tochi ya simu. Kinachoelea kwenye mwanga ndicho kinachovutwa.

Madhara ya mwanzo ni macho kuwasha, mafua yasiyoisha, kikohozi na ngozi kututumka. Kwa baadhi ya watu vumbi huamsha pumu. Mbao ngumu, mvule ukiwa mfano unaojulikana sana, huwa na kemikali za asili zinazochokoza ngozi na njia ya hewa zaidi ya nyingine.

Madhara ya muda mrefu ni makubwa zaidi. Katika miaka ya 1960, madaktari nchini Uingereza waligundua kuwa saratani ya pua, ambayo kwa kawaida ni nadra, ilikuwa ikiwapata kwa wingi usio wa kawaida mafundi wa samani wa eneo la High Wycombe. Tafiti zikaendelea katika nchi nyingine, na mwaka 1995 Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani (IARC), ulio chini ya Shirika la Afya Duniani, ukaliweka vumbi la mbao katika kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Hii haina maana kwamba kila seremala ataugua. Maana yake ni kwamba vumbi si uchafu wa kawaida wa kazi, na halipaswi kuzoeleka.

Kwa watoto uzito unaongezeka. Mtoto huvuta hewa nyingi kuliko mtu mzima ukilinganisha na uzito wa mwili wake, mapafu yake bado yanakua, na hutambaa na kucheza chini, mahali vumbi linapotua. Mtoto mwenye pumu akilala jirani na karakana isiyo na mpangilio, dawa zake zitakuwa zinapigana na adui anayeletwa kila asubuhi.

Upepo wa Dodoma una upande wake

Kosa la kwanza hufanyika kabla ya kazi kuanza: karakana kuwekwa pale palipobaki nafasi.

Kwa sehemu kubwa ya mwaka, upepo wa Dodoma huvuma kutoka mashariki na kusini mashariki. Karakana ikijengwa mashariki mwa nyumba, vumbi lote litaelekea vyumbani, jikoni na kwenye kamba ya nguo. Ikikaa magharibi au kaskazini magharibi mwa kiwanja, upepo utalipeleka mbali na nyumba.

Lakini huko upepo unakoelekea kuna jirani. Hivyo ukuta wa upande huo uwe mzima hadi juu, uwazi uwe upande usio na dirisha la mtu, na jirani aambiwe mapema. Ugomvi mwingi unaofika ofisi ya mtaa huanza kwa mtu kusikia mashine kabla hajasikia salamu.

Mlango wa karakana usitazamane na mlango wa nyumba wala dirisha la chumba cha watoto. Kazi ya msasa, ambayo ndiyo yenye vumbi laini zaidi, ifanyike mwisho kabisa wa banda au nje, fundi akiwa amekaa upande unakotoka upepo.

Mashine zenye mdomo wa kutolea vumbi zifungwe mfuko au bomba la kifyonza vumbi. Sakafu ifagiliwe baada ya kunyunyiziwa maji kidogo. Kupuliza vumbi kwa kompresa, jambo linalopendwa na vijana kwa sababu ni la haraka, hulirudisha hewani lilipokwisha kutua.

Barakoa ya kitambaa huzuia maranda, si unga laini. Inayofaa ni ile ya daraja la N95 au FFP2, iliyobana vizuri puani. Na fundi abadilishe nguo na kunawa kabla ya kuingia ndani. Mtoto anayerukia kifua cha baba yake jioni asipewe vumbi la siku nzima.

Kelele nazo huacha alama

Msumeno wa duara na mashine ya kurandia vinaweza kufikisha kelele za desibeli 100 hivi. Kiwango kinachotumika sana kulinda masikio ya wafanyakazi ni desibeli 85 kwa saa 8. Kila zinapoongezeka 3, muda salama hukatika nusu: desibeli 88 ni saa 4, 91 ni saa 2. Zikifika 100, muda salama bila kinga ni dakika 15 tu kwa siku.

Kwa asiye na kipimo, njia rahisi ni hii: kama watu wawili waliosimama umbali wa mkono mmoja wanalazimika kupaza sauti ili kusikilizana, kelele zimezidi. Anayesikia mlio masikioni baada ya kazi ameshaonywa. Usikivu ukipotea kwa kelele haurudi, na vifaa vya kuziba masikio ni nafuu kuliko mashine ya kusaidia kusikia.

Nyumbani, ratiba ndiyo kinga kubwa. Kazi za mashine zipangwe saa ambazo watoto wako shule. Baada ya hapo zibaki kazi za gundi, patasi, kuunga na kupiga rangi. Mtoto wa darasa la saba anayejisomea usiku na mchanga anayelala mchana wote wana haki kwenye ratiba hiyo. Kwa majirani, kelele za kupitiliza ni suala linaloweza kufikishwa hata Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC).

Mashine ya magogo isikae uani

Karakana ikishika kasi, hamu ya pili huja: kununua mashine ya kupasua magogo ili kuacha kununua mbao kwa bei ya mjini.

Hapo ndipo familia inapaswa kusema hapana kwa kiwanja cha nyumbani. Kupasua magogo kunahitaji nafasi ya kushusha lori, kunatoa kelele na unga mwingi, na gogo likiviringika halichagui wa kumwangukia. Mahali pake ni eneo lililotengwa kwa viwanda vidogo, au kiwanja cha pembezoni kilichoruhusiwa na halmashauri. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO), lililoanzishwa mwaka 1973 na lenye ofisi kila mkoa, ni mlango mzuri wa kubisha kwa ushauri wa eneo, mashine na mafunzo.

Aina ya mashine nayo ina hesabu yake. Nyanda za Juu Kusini, wapasuaji wengi wadogo hutumia mashine ya msumeno wa duara inayohamishika, maarufu kama ding-dong. Ni ya bei nafuu na fundi wa kuitengeneza hapatikani kwa shida. Lakini jino lake ni nene.

Chukua mfano wa msumeno unaokula milimita 7 kila unapopita. Kwenye gogo la kupasuliwa mara 10, milimita 70 zinageuka unga. Ubao wa inchi moja ni milimita 25, hivyo karibu mbao tatu zimeishia chini. Msumeno wa mkanda unaokula milimita 2 ungepoteza milimita 20 tu, haufikii ubao mmoja. Kwa hiyo mashine ya bei rahisi inaweza kuwa inauza mbao za mwenye mali kama vumbi kila siku, na vumbi hilo ndilo linalovutwa.

Karatasi kwanza, gogo baadaye

Dodoma ni nchi kavu, haina mashamba makubwa ya miti ya mbao. Mbao nyingi laini za paini zinatoka Mafinga, karibu na shamba la Serikali la Sao Hill, na Njombe. Mninga na mbao ngumu nyingine hutoka kwenye misitu ya asili ya mikoa kama Tabora na Katavi.

Biashara hiyo inasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS) chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Mfanyabiashara wa mazao ya misitu anatakiwa kusajiliwa, na mzigo kusafiri na hati yake. Anayenunua mninga wa bei ya kutupa usiku, usio na risiti, hati wala alama ya nyundo, anaweza kuingiza mtaji wa ada za watoto kwenye mzigo utakaokamatwa.

Hata mti wa mjini, uwe mwarobaini au mkaratusi unaomsumbua jirani, uulizwe kwanza halmashauri kabla ya kukatwa.

Mengine ni leseni ya biashara, namba ya mlipakodi, na usajili wa eneo la kazi kwa Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA) kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2003. Akiajiriwa hata kijana mmoja, mwajiri anatakiwa kujisajili katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF). Siku kidole cha kijana kikikatika, mfuko huo ndio utakaoiokoa familia yake na ya mwajiri pia.

Kwa mtaji, vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vinaweza kuomba mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Ofisa maendeleo ya jamii wa kata ndiye wa kuanza naye.

Ubao wa Mafinga hukauka upya Dodoma

Malalamiko ya wateja wa Dodoma mara nyingi ni yaleyale: mlango umepinda, meza imeachia, kabati limepasuka. Si lazima fundi awe mbovu. Ubao uliopasuliwa ukiwa mbichi kwenye baridi na unyevu wa Mufindi, ukiletwa kwenye hewa kavu ya Dodoma hupoteza maji haraka na kusinyaa.

Dawa yake ni subira. Mbao zipangwe kivulini juu ya matofali, zitenganishwe kwa vijiti vyenye unene sawa ili hewa ipite, na ncha zipakwe rangi ili zisipasuke. Jua kali lisizipige moja kwa moja.

Kujua kama zimekauka, chukua kipande kimoja, kipime kwa mizani na kuandika uzito. Rudia kila wiki. Uzito ukiacha kushuka, ubao umeshazoea hewa ya mahali hapo na kazi inaweza kuanza.

Dawa ya mbao, thina na jiko la nyumbani

Maranda ni kipato cha pembeni. Wafugaji wa kuku huyanunua kwa viroba, na unga hutumika kwenye majiko ya maranda. Kwa wenye familia, hapa kuna tahadhari mbili.

Mbao nyingi za paa hutiwa dawa ya kuzuia mchwa na kuoza, mara nyingi zikiwa na rangi ya kijani. Moja ya dawa zinazotumika sana ina shaba, kromiamu na aseniki, ambayo ni sumu. Vipande vyake visichomwe jikoni hata kama vinawaka vizuri, kwa sababu moshi na majivu yake hubeba sumu hiyo. Maranda yake yasipelekwe kwenye banda la kuku. Kuwe na viroba viwili vyenye alama tofauti, na watoto wanaotumwa kuni waonyeshwe ni kipi hakiguswi.

Tahadhari ya pili ni thina na vanishi. Hewa yake huumiza kichwa na haifai kuvutwa na mjamzito wala mtoto, hivyo kazi hiyo ifanyike nje. Thina isihifadhiwe kamwe kwenye chupa ya maji au ya soda. Mtoto mwenye kiu haulizi. Ikitokea amekunywa, asitapishwe wala kunyweshwa maziwa kwa nguvu. Apelekwe hospitali mara moja pamoja na chupa yenyewe.

Watoto wajifunze, wasitumikishwe

Wapo wazazi wanaotaka mtoto arithi ufundi, na ni jambo la heri. Ufundi sasa umerudi hata mashuleni kupitia mkondo wa amali katika elimu ya sekondari.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, ila kazi hatarishi haziruhusiwi kwa aliye chini ya miaka 18. Kupima, kuchora, kupiga msasa kwa mkono akiwa na barakoa, kupanga misumari, hayo anaweza kujifunza akiwa na mkubwa. Msumeno wa umeme na mashine ya kurandia si vyake, hata siku oda imebana.

Kwa hiyo karakana iwe na mlango unaofungwa, na swichi kuu iwe na kufuli. Umeme ukikatika katikati ya kazi, jambo la kwanza ni kuzima mashine. Umeme ukirudi wakati fundi ameenda kunywa chai na mtoto ameingia kuokota mpira, mashine iliyoachwa wazi itaanza kuzunguka yenyewe.

Mama anayeleta chai asimame mlangoni aite. Kanga, mtandio au shati lisilofungwa vifungo likinaswa na mashine humvuta mtu mzima. Glavu nazo hazivaliwi mbele ya msumeno unaozunguka, kwa sababu hiyohiyo. Ubao mfupi usukumwe kwa kijiti, si kwa kidole, na fundi asisimame nyuma ya ubao bali pembeni, kwa kuwa msumeno ukibanwa huurusha ubao kwa nguvu.

Ajali ikitokea

Jeraha linalovuja damu likandamizwe kwa kitambaa safi bila kuachia hadi hospitali. Lisiwekwe mafuta ya taa, kahawa wala majivu.

Kidole kikikatika kabisa, kifungwe kwenye kitambaa safi chenye unyevu, kiingizwe kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, kisha mfuko huo uwekwe juu ya barafu. Kisigusane na barafu moja kwa moja, wala kisitupwe. Daktari ndiye wa kuamua kama kinaweza kurudishwa.

Vumbi likiingia jichoni lisafishwe kwa maji safi mengi. Kibanzi kikichoma na kubaki jichoni kisichomolewe. Jicho lifunikwe bila kukandamizwa, na safari ianze.

Maranda hushika moto haraka, hivyo sigara na jiko la mkaa vikae mbali, ndoo za mchanga ziwe karibu, na namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji iandikwe ukutani kwa herufi kubwa.

Kwa afya ya kila siku, fundi anayekohoa au kubanwa kifua siku za kazi na kupata nafuu siku za mapumziko amwambie daktari hivyo hivyo, pamoja na kazi anayofanya. Pua inayoziba au kutoa damu upande mmoja kwa wiki kadhaa haitibiwi kwa dawa ya mafua ya dukani. Inahitaji daktari wa masikio, pua na koo.

Mpangilio wa fedha

Familia inayoanza haihitaji kila kitu siku moja. Randa ya mkono, msumeno, patasi, jiliwa, meza imara ya kazi na drili vinatosha kutengeneza viti, vitanda na meza za mwanzo. Faida ya hapo ndiyo inunue mashine ya kwanza. Mashine ya magogo ije baada ya wateja wa kudumu kupatikana, na iende kwenye eneo lake.

Katika kila hatua, fungu la kinga likatwe kabla ya fungu la mashine: barakoa, vizibo vya masikio, miwani, kifyonza vumbi, kufuli. Vizibo, miwani na barakoa za mwezi mzima kwa pamoja havifikii bei ya mlango mmoja wa mninga, na mlango huo utauzwa mara moja tu, wakati masikio na mapafu ya mwenye karakana yatahitajika kila asubuhi hadi mtoto wa mwisho amalize shule.